Baba Alivyolilaza Gari

Breki zikiungua hutoa harufu ambayo ukishaivuta mara moja huwezi kuisahau tena. Siyo ya mpira, siyo ya nywele, siyo ya nguo iliyosahauliwa chini ya pasi, ingawa ina kidogo cha kila kimoja. Wiki mbili zilizopita ilinifikia tena puani nikiwa kwenye gari la abiria kutoka Gitega kwenda Muyinga. Siku hizi mafuta ni ya kutafuta kwa tochi, kwa hiyo kila tulipofika mteremko dereva alitoa gia, akazima injini, akaacha gari lijiendee. Mama mmoja aliyekaa mbele alikuwa anasinzia kabisa.

Nikamwomba dereva kwa upole awashe injini.

"Dada, we unaogopa nini?" akasema bila kugeuka. "Esansi haiko. Mi nitawasha tukifika kule chini. Ao unataka tulale njiani?"

Watu wakacheka. Mwanamke mzima, mwalimu, mwenye watoto watatu, nikashikilia kiti cha mbele kwa mikono miwili mpaka vidole vikaniuma. Nilikuwa nakwenda Butihinda kumwona Baba, ambaye ni mgonjwa, na njia nzima sikuweza kufikiri kitu kingine ila siku ile.

Kutoa gia namna hiyo Baba alikuita fri. Ninyi wa rika langu, mliozaliwa ng'ambo ya mpaka kama mimi, katika nyumba za tope zilizoezekwa maturubai kwenye kambi za wakimbizi za Tanzania, mnalijua neno hilo na mnajua lilivyokuwa na kazi nyingi. Mahindi ya mgao yalikuwa ya fri. Mtu asiye na shughuli alikuwa fri, na ukimwuliza habari alijibu bila aibu, "Niko fri tu, kaka." Msichana asiyechumbiwa alikuwa fri, na wavulana waliitangaza habari hiyo kambi nzima. Kwa Baba, aliyejifunza udereva kwenye malori ya kubeba mahindi hayo hayo, fri ilikuwa pale kijiti cha gia kinapokaa katikati, hakiko mbele wala nyuma, kinachezacheza ukikigusa. Nilimwuliza maana yake. Akasema ni Kiingereza, maana yake huru. Nikaona ndilo neno zuri kuliko yote aliyokuwa nayo. Miaka mingi baada ya kurudi Burundi nikaja kujua kwamba mafundi wa Gitega wanakiita kitu hicho hicho pwamo, kwa Kifaransa chao cha gereji, na nilipoambiwa kwamba maana yake ni mahali palipokufa nilikataa katakata. Nilishikilia la Baba.

Kurudi kwenyewe hakukuwa sherehe. Tulifika Butihinda tukakuta shamba la babu lina watu wengine, na migomba yao imeshazaa. Kesi ikaanza. Mama alibaki pale na wadogo zangu wawili katika kibanda pembeni mwa shamba, kwa sababu ukiondoka kwenye shamba la kesi umejitoa mwenyewe. Baba akaenda Gitega kutafuta kazi, akanichukua mimi, kifungua mimba, ili nisome shule ya mjini. Nilikuwa na miaka saba, labda minane. Kirundi changu kilikuwa cha kuokoteza na Kifaransa sikuwa nacho hata cha kuombea maji.

Aliyempa Baba kazi alikuwa Hadji, mfanyabiashara wa nafaka katika mtaa wa Waswahili, mwenye duka moja na pikapu moja ya bluu. Nasema ukweli, yule mzee alikuwa mtu mwema. Alitupa chumba uani kwake, sisi Wakristo tusio na ndugu mjini, na mwezi wa Ramadhani sahani yetu ya futari ilifika mlangoni kabla watoto wake hawajaketi. Kiswahili chetu kilimfurahisha. "Nyinyi batu ya Tanzania munaongea sawa radio," alikuwa akisema, kisha ananiomba niseme kitu, chochote, apate kucheka. Mdogo wake, Saidi, alikuwa fundi cherehani, anashona kwenye baraza la duka, na miguu yake ikikanyaga ile pedali siku nzima hata hukuiona vizuri. Aliniwekea vipande vya kitambaa katika mfuko wa karatasi. Wanasesere wangu wote walivaa nguo zilizotokana na sare za shule.

Hadji alikuwa na sheria moja kwa madereva, na aliitoa siku ya kwanza mbele yangu. "Mu gari yangu hakuna pwamo. Mlima ni mlima. Ushuke na vitesi, polepole. Dereva wa mbele nilimufukuza juu ya ile." Vitesi ni gia kwa Kiswahili chake. Baba akajibu, "Sawa, Hadji."

Mimi sikujua kwamba fri na pwamo ni kitu kimoja mpaka baadaye sana, na hata ningejua, nadhani ningeona sheria hiyo ni ya madereva wengine, wasiojua. Maana Baba alijua. Tulipokuwa peke yetu barabarani, mteremko ukianza, alizungusha ufunguo, akavuta kijiti mpaka katikati, na kelele yote ya pikapu ikakatika. Unasikia upepo. Unasikia ndege, na watu wakiongea shambani kando ya barabara, na maharage yakichezacheza kwenye magunia nyuma. Niliamini kwa moyo wote kwamba gari limelala. Niliamini Baba analiendesha likiwa usingizini, taratibu, asiliamshe, na kwamba hakuna dereva mwingine chini ya mbingu mwenye uwezo huo, ndiyo maana magari mengine yote yalishuka yakilia. Tukifika chini alilishtua kidogo, likakohoa, likaamka. Nilikuwa namwomba kama watoto wengine wanavyoomba pipi. "Baba, lilaze." Naye alicheka na kulilaza.

Siku ile ya harufu tulikuwa tunatoka Butihinda, mwisho wa likizo. Baba alikuwa amepakia maharage Muyinga, akapitia nyumbani kuwaona Mama na wadogo zangu na kunichukua. Saidi naye alikuwepo, kwa kuwa alikuwa amepeleka sare kwenye shule moja ya Muyinga, na Baba akamchukua mjini tulipopita tena. Nilimpa nafasi ya mbele akaikataa, akasema yeye ni kijana, atalala juu ya magunia. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na milima ilikuwa safi. Tukapita Karuzi bila tatizo. Pale barabara inapoanza kushuka kuelekea Ruvubu, Baba alinitazama kwa jicho la pembeni, mimi nikajua anangoja niseme.

Nikasema, "Baba, lilaze."

Akalilaza.

Fundi mmoja alinieleza miaka mingi baadaye, nami nilimsikiliza kama mtu anayesomewa majibu ya hospitali. Injini ikizimwa, breki inakuwa nzito mguuni. Gari likiwa na mzigo na mteremko ukiwa mrefu, unakanyaga na kukanyaga, breki zinapata moto mpaka hazishiki kitu. Na kama pedi zake zimeshalika, huna hata muda wa kuomba. Siku ile mimi nilichojua ni kwamba upepo ulizidi, harufu ile ikaingia dirishani, na Baba akaacha kucheka. Alikanyaga. Akavuta breki ya mkono. Alijaribu kuingiza gia, ikakwaruza tu. Kulikuwa na watu wanasukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi mbele yetu, nikamsikia akisema, "Tokeni, tokeni, tokeni," kwa sauti ndogo ambayo hawangeweza kuisikia. Kisha akageuza usukani upande wa mlima, tukaingia kwenye ukuta wa udongo.

Hatukufa. Wenye baiskeli hawakuguswa. Baba alipasuka paji la uso, mimi nilivunjika jino ambalo hata hivyo lilikuwa linatikisika. Lakini Saidi alirushwa, na magunia yakamfuata. Walipoyatoa, mguu wake wa kulia ulikuwa umelala vibaya. Hakulia. Alikuwa anauliza, "Ka-mutoto iko wapi? Ka-mutoto iko mzima?" nami nimesimama pale pale mbele yake.

Baba aliwaambia polisi, na baadaye Hadji, kwamba breki zilikatika. Haikuwa uongo mtupu. Mara mbili alikuwa amemwambia Hadji kwamba pedi zimekwisha, na mara mbili Hadji alisema tungoje mavuno yaishe. Mimi hakuniambia niseme nini. Nimelifikiria jambo hilo kuliko yote. Angeniambia nyamaza, ningenyamaza. Labda hakutaka kumfundisha mtoto wake uongo, au hakudhani mtoto anaweza kuulizwa.

Tuliporudi Gitega, siku mbili zilizofuata zilikuwa mbaya bombani. Watoto wa mtaa walinizunguka na ndoo zao. "Baba yako hajue kuendesha! Amezoea barabara ya Tanzania, hana kujua mulima!" Nilipigana na mmoja, nikapigwa. Nilirudi na ndoo nusu na hasira kamili, na nilipomkuta Baba amekaa kitandani na kitambaa kichwani, mnyonge, hasemi na mtu, niliapa kwamba atakayemdharau tena atanisikia.

Siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, Hadji akaja chumbani kwetu. Alikuwa ametoka hospitali. Alileta sahani ya wali iliyofunikwa, akaiweka chini, akakaa kwenye kigoda changu cha kufanyia kazi za shule, na kigoda kikalia. Kisha mzee yule, ambaye sikuwahi kumwona akiinamia mtu, aliinamisha kichwa mbele ya Baba.

"Mi nimekuja kuomba pardon," akasema. "Uliniambia mara mbili kama plaketi zimeisha. Mi nikasema tungoje, tungoje. Mi njo nimevunja mguu ya mudogo yangu. Karibu niue we na mutoto yako. Dokta anasema Saidi hatakanyaga tena mashini. Usiku silale. Unisamehe, ndugu yangu, juu ya Mungu."

Alikuwa analia. Baba alitazama sakafu. Nami, kutoka kona ya kitanda, nilielewa kila neno na sikuelewa kitu. Nilichosikia ni mtu mwingine tena anayesema Baba alishindwa na gari. Kwamba breki zilimshinda, kama dereva yeyote tu. Na Baba amenyamaza, hajitetei. Nikasimama.

"Hadji, breki hazikuwa na kosa," nikasema. "Baba anajua kuendesha kuliko madereva wote. Alikuwa amelilaza gari."

"Amelilaza namna gani?"

Nilifurahi kuulizwa. Nikamwonyesha kwa mkono, nikazungusha ufunguo wa hewani, nikavuta kijiti cha hewani mpaka katikati. "Hivi. Fri. Injini inanyamaza kabisa. Mimi ndiye niliyemwomba, akalilaza tangu juu. Analilaza kila mteremko, na halijawahi kuamka vibaya ila siku hiyo tu."

Hadji alimgeukia Baba polepole.

"Pwamo?"

Baba hakuinua uso.

"Na moteri umezima?"

"Ndiyo, Hadji."

"Kila siku?"

"Kwenye miteremko."

Ningependa kuwaambia kwamba alipiga kelele. Nimetamani miaka yote hii kwamba angepiga kelele. Alijifuta macho kwa kiganja, akanyanyuka kwa shida kutoka kwenye kile kigoda, akasimama akimtazama Baba.

"Mi nimekaa hapa naomba we msamaha," akasema. "Nalia mbele yako. Na we unaniangalia tu?"

Mlangoni Hadji akasema, bila kugeuka, "Mutoto amalize masomo ya hii wiki. Kisha muende." Sahani aliiacha. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa bado nangoja Baba atabasamu. Nikamwuliza, "Baba, nimesema vizuri?"

Akaifunua sahani. "Umesema kweli, mama," akasema. "Njoo ule, wali unapoa."

Hakuwahi kusema zaidi ya hapo. Hata siku moja, hata akiwa amekasirika kwa mambo mengine. Tulirudi Butihinda juu ya lori la mtu, na tangu hapo Baba hakushika usukani tena, kwa sababu habari za dereva zinatembea kuliko dereva. Alilima mashamba ya watu akingoja kesi, na kesi ilipokwisha tukapewa nusu. Nilipokuwa msichana mkubwa, Mama ndiye aliyeniambia lile nililokuwa silijui. Mafuta aliyopewa Baba yalitosha kwenda Muyinga na kurudi Gitega, basi. Njia ya kutoka Muyinga kuja Butihinda haikuwemo. Ile miteremko yote aliyozima injini ndiyo iliyomfikisha nyumbani kumwona mkewe na watoto wake, mara moja kwa mwezi, kwa saa mbili.

Niliporudi Gitega kufundisha, nilikwenda kumtafuta Saidi. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, na alikuwa ameacha kushona, anauza nyuzi na vifungo. Nikamwambia niliyokuwa nayo moyoni, kwamba mimi ndiye niliyeomba gari lilazwe, nikamwomba msamaha. Akacheka, akanipa mkono. "We ulikuwa mutoto," akasema. Hadji alikuwa ameshafariki. Kila mtu niliyemweleza jambo hili amenijibu vivyo hivyo, nilikuwa mtoto, nami nashukuru, lakini haijanisaidia hata kidogo. Kwa Baba sikuwahi kwenda na maneno hayo. Kila likizo nilijiambia safari hii nitasema, na kila likizo tuliongea habari za maharage.

Sasa akili yake imeanza kumwacha. Nilipofika wiki mbili zilizopita nilimkuta uani, amekalishwa kivulini na blanketi miguuni, na majirani wawili wamekuja kumjulia hali. Mama alikuwa anapepeta maharage. Baba alinitambua, akafurahi, akanikalisha karibu yake, na akaendelea na hadithi aliyokuwa anawasimulia. Nilichukua muda kuelewa ni ipi.

"Hadji mwenyewe alikuja chumbani kwangu," alikuwa anasema. "Mtu mkubwa kama yule. Akaniomba msamaha, analia. Breki zilikuwa zimekwisha, na nilishamwambia mara mbili." Akanigeukia, akanishika mkono. "Si ulikuwepo, mama? Waambie."

Ungo wa Mama ukasimama. Mama anajua yote. Majirani wakanitazama kwa adabu tu, wakingoja. Katika hadithi ya Baba, Hadji aliomba msamaha, kisha akaondoka, na katika kona ya kitanda hapakuwa na mtu.

"Ndiyo, Baba," nikasema. "Nilikuwepo. Breki zilikatika."

"Na mimi sikuwa na kosa."

"Hukuwa na kosa."

Nilidhani moyo wangu ungepoa. Kweli, kwa dakika moja ulipoa, kwa kuwa uso wake ulikunjuka na akakaa wima kidogo. Kisha nikaona anafikiri. Vidole vyake vilipapasa blanketi.

"Sasa kama sina kosa," akasema, "mbona nakaa hapa? Hadji ana mzigo. Atakuwa ananingoja." Akamwita Mama amtolee shati lake la kazi. Akajaribu kusimama, miguu ikakataa, nikamdaka. Jirani mmoja alikohoa, akaaga. Mama aliweka ungo chini, akaenda kumtolea shati.

"Wewe unarudi Gitega lini?" Baba akaniuliza.

"Kesho, Baba."

"Tutakwenda wote. Uniamshe mapema, mama, nisimcheleweshe mtu."

Nikamwambia nitamwamsha. Asubuhi nilimkuta bado amelala, shati amelivaa na vifungo vyote amevifunga. Nikabeba viatu vyangu mkononi nikatoka.